Hadithi za Watoto Katika Elimu Maalumu: Majina Tumeyabadilisha, Visa Je?

Miezi michache iliyopita tulipata nafasi ya kuketi nyuma ya darasa katika shule moja ya msingi, mteremkoni mwa Mlima Meru, yenye kitengo cha wanafunzi wenye ulemavu wa akili. Tulikuwa tumekwenda huko kwa kazi nyingine kabisa, yaani kukusanya maneno ambayo walimu wa elimu maalumu huyatumia kazini na ambayo hayamo katika orodha zetu. Mwalimu alikuwa akisimulia ngano ya Sungura na Fisi, na watoto 11 walikuwa wamemzunguka mkekani. Mambo yalikwenda vizuri mpaka alipofika mahali ambapo, katika ngano hiyo kama isimuliwavyo vijijini, huingia fisi chongo. Hapo mwalimu alitutupia jicho, akasita, kisha akasema: "Akatokea fisi mwenye ulemavu wa uoni katika jicho lake moja." Watoto wakanyamaza. Mmoja wao, ambaye tangu mwanzo alikuwa akimwigiza kila mnyama kwa mikono, aliishusha mikono yake mapajani. Ngano ilikuwa imewapotea, na siku ile haikuwarudia tena.

Kipindi kilipokwisha mwalimu yule alituomba radhi kwa kusita kwake. Alisema kwamba kwa kuwa ofisa wa istilahi alikuwa ameketi nyuma ya darasa, aliona haya kutamka "chongo". Kwa kweli waliostahili kuomba radhi ni sisi. Fungu lile la maneno manane hakulitunga yeye. Aliyaokota vipande vipande katika orodha zitokazo kwenye meza kama yetu, akayafunga pamoja kama mtu afungavyo mzigo wa kuni, akawatwika watoto.

Makala haya yanakusudia kulichunguza jambo hilo. Rai yetu ni kwamba istilahi zilizosanifiwa kwa ajili ya sheria, fomu na hotuba zimeingizwa katika hadithi za watoto mahali pasipo pake, na kwamba kazi hiyo ya kubadilisha majina imetupa raha ya bure: tunadhani tumezisafisha hadithi, kumbe lile linalomwumiza mtoto limo katika kisa chenyewe, nalo halijaguswa.

Hatuyasemi haya juu ya Meru kwa kuwa ndipo tulipofika tu. Hapo Tengeru, kando ya barabara kuu iendayo Moshi, kipo Chuo cha Ualimu cha Patandi, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikiwaandaa walimu wa elimu maalumu kwa ajili ya nchi nzima: wa wasioona, wa viziwi na wa wanafunzi wenye ulemavu wa akili. Neno likishaandikwa katika madaftari ya Patandi, haupiti muda mrefu kabla hujalisikia Newala na Bukoba. Kadhalika sehemu hii ina hali ya lugha ambayo wasanifu wa istilahi aghalabu huisahau. Mtoto wa Akheri au Nkoaranga husikia Kimeru nyumbani. Mtoto wa Kiarusha, pembezoni mwa jiji, husikia Kimaasai. Kiswahili hukutana nacho kanisani, sokoni na shuleni. Mtoto kiziwi huenda asikutane na lugha yoyote kamili mpaka siku atakapofikishwa shuleni. Kwa hiyo mwanafunzi wetu wa elimu maalumu, pamoja na shida nyingine alizo nazo, mara nyingi anajifunza Kiswahili kama mgeni, na mgeni huyo ndiye tunayemkaribisha kwa Kiswahili cha Serikali.

Yafaa kwanza tuwatendee haki waliobadilisha majina. Elimu hii ilianza nchini kwa juhudi za makanisa: shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, mwaka 1950, na ya viziwi, Tabora, mwaka 1963. Wakati ule watu walisema "vipofu", "mabubu" na "vilema", wala hapakuwa na aliyeshtuka. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 1981 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Walemavu, na mwaka uliofuata Bunge letu lilitunga sheria mbili, moja ikihusu ajira yao na nyingine matunzo yao. Neno "walemavu" likaenea, na "vilema" likaanza kurudi nyuma. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na Sheria Na. 9 ya mwaka 2010 ikaitwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Sasa "mtu" ametangulia, na ulemavu umekuwa kitu alicho nacho, si kitu alicho. Vivyo hivyo "zeruzeru" ameitwa mtu mwenye ualbino, na "taahira" ameitwa mwenye ulemavu wa akili. Katika maombi ya kiti cha magurudumu, katika hotuba ya Waziri, katika fomu ya kumwandikisha mtoto darasa la kwanza, hatutaki kuona neno jingine.

Hata hivyo, hoja moja iliyotumiwa katika mabadiliko hayo, na ambayo mpaka leo hurudiwa katika semina, haina nguvu kama inavyodhaniwa. Husemwa kwamba maneno kama kipofu, kiziwi na kiwete ni mabaya kwa kuwa yamo katika ngeli ya vitu, na hivyo yanamfanya mtu kuwa kitu. Lakini kijana, kiongozi na kinyozi nao wamo humo, na hatujasikia kiongozi akilalamika. Isitoshe, upatanisho wa kisarufi unalikataa dai hilo: tunasema "kiziwi amefika", hatusemi "kiziwi kimefika". Yaliyowaumiza watu ni matumizi, yaani vicheko, matusi na utani wa vilabuni, wala si kiambishi. Na ushahidi tunao hapa hapa nchini. Viziwi wenyewe, walipounda chama chao, walikiita Chama cha Viziwi Tanzania, na jina hilo hawajaliacha. Wao hujiona kwamba ni watu wenye lugha yao, Lugha ya Alama ya Tanzania, na neno "kiziwi" kwao ni jina la kundi kama vile mtu alivyo Mmeru au Mwarusha. Ukimwita mmoja wao "mwenye upungufu wa kusikia" kwa adabu zako zote, huenda akakuuliza kwa alama ni nani aliyekwambia kwamba amepungukiwa. Wasioona, kwa upande wao, wameona "kipofu" haliwafai. Basi yatupasa kila mara kuwauliza wenye jina kabla ya kuiuliza sarufi.

Turudi kwa fisi wetu. Istilahi na neno la ngano ni mafundi wa kazi mbili tofauti. Istilahi njema ina maana moja, haipendi wala haichukii, na humaanisha kitu kile kile Arusha na Lindi. Neno la ngano sharti liwe na sura. Mwalimu angesema "chongo", mtoto yule mwenye mikono hodari angefumba jicho moja, na wenzake wote wangefumba. Fisi angekuwa amefika. "Ulemavu wa uoni" haufumbiki. Kwa mtoto ambaye akili yake hushika vitu vinavyoshikika, fungu hilo la maneno ni ukuta. Tena si yeye tu. Hebu msomaji ajaribu kuipa mavazi ya ofisini methali isemayo ukenda kwa wenye chongo vunja lako jicho, aone kama itabaki methali.

Huenda mtu akasema kwamba mfano wa fisi ni mdogo, tena ni wa mnyama. Na tuchukue hadithi kubwa. Mwaka 1870 Askofu Edward Steere alichapisha mjini London mkusanyo wa hadithi za Kiswahili alizosimuliwa na watu wa Unguja, na mojawapo ni ile ya Sultani Majnun. Sultani huyo alikuwa na mtende uliokuwa ukiliwa matunda yake na ndege. Wanawe wakubwa, mmoja baada ya mwingine, walipewa zamu ya kuulinda wakalala usingizi. Yule mdogo, mkaa jikoni, ambaye baba yake hakumhesabu kuwa mtu, ndiye aliyeweza kukesha. Baadaye paka wa Sultani alianza kula wanyama wa watu, kisha watu. Sultani akakataa asiuawe kwa kuwa paka ni wake, mpaka paka, aliyekwisha kuwa nunda, alipowaua wanawe mwenyewe. Mkaa jikoni ndiye aliyetoka kwenda kumwua.

Sasa, majnun kwa asili yake ya Kiarabu ni mwendawazimu. Tulimsikia mwalimu mmoja mwanafunzi akiuliza, tena kwa nia njema kabisa, kama haifai jina hilo lifutwe na badala yake mtawala yule aitwe "Sultani mwenye changamoto ya afya ya akili". Tulicheka, na baadaye tuliona aibu kwa kucheka, maana swali lilitokana na mafundisho yetu. Jibu ni hapana. Wazimu wa Sultani huyu si ugonjwa, wala hadithi haisemi kwamba ni ugonjwa. Wazimu wake ni kumpenda paka wake kuliko raia zake. Ukiuita ugonjwa umemsamehe yeye, na umewatukana wagonjwa. Na yule mkaa jikoni naye tusimwite "mtoto mwenye mahitaji maalumu", ingawa walimu wa elimu maalumu watamtambua mara moja, kwa sababu wanaye darasani, wanaye kumi na zaidi: mtoto anayefichwa jikoni wageni wakija.

Hapa ndipo tunapofikia lile tulilotaka kusema juu ya visa. Tulionyeshwa kijitabu kimoja cha hadithi, kilichochapwa vizuri, chenye picha za rangi, na ambacho kwa upande wa istilahi hakina doa. Hakuna "kipofu" hata mmoja ndani yake. Kuna msichana "asiyeona", mtiifu, mwenye huruma, anayewagawia wengine chakula chake. Na mwishoni, kwa wema wake, anapata kuona. Watoto wenye kuona hukipenda sana. Mwalimu alikisoma mbele ya darasa lenye mvulana mmoja asiyeona, na mvulana alingoja mpaka mwisho, akauliza: "Mwalimu, mimi nimekosa nini?" Hadithi ile imemwambia kwamba macho ni mshahara wa wema, na yeye hajalipwa. Neno "asiyeona" halikumkinga hata kidogo. Kwa upande mwingine, wahenga waliosema mpofuka ukongweni hapotewi na njia walitumia neno ambalo leo tungelipiga wino mwekundu, lakini kisa chao kina heshima: wanamzungumzia mtu anayejua njia.

Jambo hili si la ufundi wa lugha tu. Watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo katika nchi yetu, hasa tangu katikati ya miaka ya 2000, na moja ya imani zilizowafanya waonekane kwamba si watu wa kawaida ni ile isemayo kwamba wao hawafi bali hutoweka. Imani hiyo husafiri ndani ya hadithi. Tumepata kuisikia ngano ya namna hiyo ikisimuliwa na mtu mzima mwenye elimu, ambaye kila mara alisema kwa uangalifu "mtu mwenye ualbino", na bado mwishoni mtu huyo akatoweka machweoni asionekane tena. Mtoto mwenye ualbino aliyekuwa akisikiliza amejifunza kwamba hatazikwa. Wenzake wamejifunza kwamba akikosekana si lazima atafutwe. Kama tungelazimika kuchagua moja, tungechagua neno la kale lenye mwisho ambapo watu wanamtafuta hata wampate, kuliko neno jipya lenye mwisho huo.

Je, ni hadithi gani basi inayofaa? Hatuna haki ya kuwafundisha walimu kazi yao, lakini tunaweza kueleza tuliyoyaona. Katika kitengo kile kile, siku mbili baadaye, mwalimu mwingine alisimulia hadithi ya nunda, na safari hii tulimwomba asitujali. Alikuja na kikapu. Ndani yake mlikuwa na mahindi makavu ya kukaanga, mchanga kidogo katika karatasi, kipande cha ngozi ya mbuzi yenye manyoya, na kibuyu. Alipofika mahali ambapo kijana anakesha chini ya mti akitafuna mahindi na mchanga ili ukali wa mchanga umwamshe, kila mtoto alipewa punje ya kutafuna na chembe za mchanga za kusugua kidoleni. Hawakuambiwa kwamba kijana alikuwa na "uvumilivu". Waliusikia uvumilivu kwa meno yao.

Tena hadithi hiyo ina takriri ya ajabu. Kijana anaua mnyama mdogo, anampeleka kwa mama yake akidhani ndiye nunda, mama anakataa. Anaua mkubwa zaidi, mama anakataa. Hivyo hivyo, kutoka kwa mbwa mpaka kwa twiga na ndovu, jambo moja hurudi na kitu kimoja tu hubadilika. Wasomi wa fasihi simulizi wameiita mbinu hiyo kwa majina mengi. Kwa mwalimu wa mtoto mwenye ulemavu wa akili mbinu hiyo ni ngazi: mtoto anakijua kidato kinachofuata kabla hajakikanyaga, na kwa kuwa anakijua anathubutu kusema. Katika zamu ya nne darasa zima lilimkatalia kijana pamoja na mama yake. Mtoto mmoja, ambaye tuliambiwa hajatamka neno darasani tangu muhula uanze, alisema "Siye!" Hakusema jingine siku hiyo.

Mwalimu alibadilisha kitu kimoja tu, nacho ni mtende, akaufanya mgomba. Tulifikiri sana juu ya hilo. Watoto wa Meru hawajaona mtende, lakini mgomba uko nje ya dirisha. Na mtoto anayejifunza kwa kugusa anahitaji mti unaogusika. Tunakubali. Lakini alipotuuliza kama amtoe na nunda pia, kwa kuwa hakuna anayemjua, tulimsihi amwache. Nunda hajulikani kwa mtu yeyote, mwenye ulemavu na asiye nao. Mbele yake wote ni wageni sawasawa. Twiga nao hawakuhitaji kubadilishwa, kwani Hifadhi ya Taifa ya Arusha iko pale chini ya mlima, na wapo watoto waliowaona wakivuka njia ya Momela.

Kwa viziwi mambo ni mengine. Msimulizi wa Kiswahili hutegemea sana tanakali za sauti: mtu huanguka puu, hutumbukia majini chubwi, huondoka chapuchapu. Hata kufungua hadithi tunafungua kwa sauti, mmoja akisema "Paukwa!" na wengine wakijibu "Pakawa!" Mfasiri wa lugha ya alama anayeziandika tanakali hizo kwa vidole, herufi moja moja, anampa mtoto ganda lisilo na kiini. Tulimwona mwalimu mmoja, yeye mwenyewe kiziwi, akisimulia kutumbukia majini. Hakuonyesha sauti hata kidogo; alionyesha jinsi maji yanavyofunguka na kujifunga juu ya mtu, na mashavu yake yakavimba. Badala ya "Paukwa!" alipiga sakafu kwa mguu, na watoto wakaupokea mtetemo kwa nyayo, wakajibu kwa kupiga zao. Hiyo ni tafsiri hasa, na wafasiri wa vitabu, tukiwamo sisi, wangejifunza kitu pale. Hapa pia tuwakumbushe wasomaji wetu kwamba wenzetu wa Kenya husema "lugha ya ishara" pale ambapo sisi tunasema "lugha ya alama". Hatuoni haja ya kugombana, ila vitabu vya hadithi huvuka mpaka wa Namanga kila siku, na mwalimu wa Arusha hukuta majina yote mawili katika rafu moja. Ingefaa yawekwe pamoja katika kamusi bila kulifanya mojawapo kuwa kosa.

Kuhusu wasioona tutasema kidogo tu, kwa kuwa wao wametangulia mbele yetu. Istilahi "nukta nundu", iliyochukua nafasi ya jina la Mfaransa Louis Braille, ni mojawapo ya istilahi nzuri kabisa katika lugha yetu: inaeleza kile ambacho kidole kinakikuta. Msichana mmoja alituambia kwamba amesoma Nunda kwa nundu. Tumepoteza saa nyingi katika vikao tukitafuta mifano ya istilahi iliyo hai, na huyu alitupa mfano huo bure.

Zipo istilahi mbili ambazo bado hatujazitendea haki, na zote mbili zinahusu hadithi. Ya kwanza inatoka nje. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwalimu mmoja wa Michigan, Marekani, Carol Gray, alibuni namna ya visa vifupi kwa ajili ya watoto wenye usonji, ambavyo humweleza mtoto mapema, kwa maneno mepesi na ya kweli, mahali atakapokwenda na mambo atakayoyakuta. Namna hiyo imeenea duniani, na katika maandishi kadhaa ya Kiswahili imefasiriwa neno kwa neno kuwa "hadithi za kijamii". Tafsiri hiyo inapotosha. Kwa wanafunzi wa fasihi, hadithi ya kijamii ni ile inayochambua jamii, umaskini wake, ndoa zake na rushwa zake. Mwalimu anayeagiza hadithi za kijamii kwa ajili ya mtoto wa miaka saba anaweza kuletewa riwaya. Tunapendekeza "kisa elekezi". Mfano wake, kama tulivyoutunga pamoja na mwalimu wa Tengeru, ni huu: "Jumamosi nitakwenda sokoni na mama. Sokoni kuna watu wengi. Watu wengine hupiga kelele kwa sababu wanauza ndizi. Hawanikasirikii. Nikichoka na kelele, nitamshika mama mkono. Mama atajua." Msomaji ataona kwamba hapana sungura wala fisi, wala hapana funzo mwishoni. Neno zito kuliko yote humo ni "Hawanikasirikii", na mwalimu alituambia kwamba kwa sentensi hiyo moja mtoto aliweza kuingia sokoni kwa mara ya kwanza bila kuziba masikio.

Ya pili ni ya kwetu, na ndiyo inayotusumbua zaidi. Neno "mtindio wa ubongo" hutumiwa nchini kwa maana mbili. Waganga wengi hulitumia kwa hali ile ambayo ubongo wa mtoto mchanga, au wa mtoto aliye tumboni, umedhurika, na misuli yake haitii: mikono inakakamaa, shingo haisimami, ulimi hautamki. Watu wengine, wakiwamo maofisa waandikishao watoto shuleni, hulitumia kwa kila mtoto mwenye ulemavu wa akili. Lakini watoto wengi wa aina ile ya kwanza akili zao ni timamu kabisa. Hawawezi kusema tu. Neno moja likiwa na maana mbili katika mazungumzo ya kijiweni, hapana hasara kubwa. Likiwa na maana mbili katika fomu, mtoto hupelekwa darasa lisilo lake. Pendekezo letu ni kwamba "mtindio wa ubongo" libaki kwa hali ya mwili peke yake, na "ulemavu wa akili" kwa hali ya akili, na kwamba fomu ziwe na mistari miwili, si mmoja, kwa kuwa wapo pia watoto wenye hali zote mbili.

Katika lile darasa la kwanza, siku ya fisi, alikuwamo msichana wa umri wa miaka kumi hivi, ameketishwa katika kiti chenye mikanda, kichwa kimeegemea upande. Fomu yake imeandikwa "mtindio wa ubongo", basi. Ngano ilipoharibika na wenzake wakanyamaza, yeye hakunyamaza. Sungura alikuwa ndiyo kwanza anaanza kumsifu fisi kwa uzuri wa meno yake, na hila yenyewe ilikuwa bado mbali sana, ndipo msichana yule alipocheka, kicheko kirefu, huku akimtazama mwalimu. Alikwisha kuiona hila inakuja. Mwalimu alidhani amepaliwa, akaenda kumfuta mate.

Tulimweleza mwalimu tulilodhani tumeliona. Siku ya pili alimjaribu kwa ngano nyingine ambayo hajawahi kuisimulia pale, akasimama katikati, akamwonyesha picha tatu za mwisho unaowezekana na kumwomba aangalie ile iliyo sahihi. Aliiangalia. Akamjaribu mara nne zaidi. Sasa anamsomea vitabu vya darasa la nne, saa ya mapumziko, chini ya mti wa mbele ya ofisi. Fomu yake haijabadilishwa.